Mguu wa Klachi Haustaafu

Mguu wa klachi haustaafu. Ndivyo alivyosema mwalimu wenu wa udereva leo asubuhi pale uwanjani, mkacheka wote, na sasa mmekuja kwangu kuomba maji ya kunywa na kuniuliza, eti babu, msemo huu nani aliuanzisha. Kaeni basi. Mbonea, sogea Nakiete apate pa kukaa. Mwalimu wenu anausema tu, hajui ulikotoka. Mimi najua, maana ulitoka ndani ya nyumba hii, na mguu wenyewe ni huu hapa wa kushoto.

Unacheka nini, Mbonea?

"Babu, siku hizi nani anahangaika na klachi? Unaweka gia moja tu, gari linakwenda lenyewe."

Ndiyo. Hata wakubwa waliniambia hivyohivyo. Sikilizeni.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini niliendesha Landrova ya halmashauri miaka ishirini na mitatu katika milima hii ya Upare, kabla barabara ya kwenda huko juu haijamwagiwa hata kifusi. Nyinyi hamkuiona barabara ile. Wakati wa masika ilikuwa utelezi kama sahani ya mlenda. Unapanda na gia ya pili, ukifika kwenye kona kali unakanyaga klachi, unarudisha ya kwanza, unaachia pole pole, na gari linaanza kunguruma kwa chini, linapanda kama mzee anayepanda ngazi huku akisema na nafsi yake. Nilibeba chanjo, mitihani ya shule, wajawazito na maiti. Nilibeba hata kengele ya kanisa. Sikumwangusha mtu. Mama mmoja alijifungua kwenye kiti cha nyuma nikiwa katika gia ya pili, akamwita mtoto jina langu, Elinihaki. Yupo, ni fundi cherehani.

Dereva wa siku zile alijua gari kwa mwili. Mkono wa kushoto umeshika gia, ule mtetemo unapanda mpaka begani, na unajua injini inataka nini kabla haijaomba. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa na kazi kubwa kuliko yote. Mguu wa kulia unakanyaga tu mafuta na breki, hata mtoto ataweza. Wa kushoto ndio wenye akili. Nikilala, marehemu mke wangu, Naghenjwa, alikuwa akilalamika kwamba mguu huo unampiga teke ndotoni. Ananiuliza asubuhi, "Jana tulikuwa tunapanda wapi, Baba Kadeghe?" Kadeghe ni binti yetu wa kwanza. Namwambia tulikuwa tunapanda mlima wa Vuasu. "Basi ulikuwa mlima mrefu," anasema, "maana nimevimba."

Halafu wakubwa wakakaa. Wakubwa wakikaa, ujue kuna mtu wa chini atasimama. Wakaamua Landrova ni chakavu, likanunuliwa gari jipya la mkurugenzi, jeupe, refu, ambalo halina klachi. Mimi sikuulizwa. Yakaletwa na mafunzo ya gari hilo, siku tatu, mjini. Unajua nani walikwenda? Mkurugenzi, mhasibu na afisa utumishi. Walirudi na vyeti. Dereva nilipewa kitabu cha Kiingereza na ufunguo.

Nilikaa kwenye kiti kile nikatazama chini. Pedeli mbili. Ya breki ilikuwa pana, imekaa katikati, na pale ilipotakiwa kuwa klachi palikuwa patupu kama pengo la jino. Nikasema moyoni, haya, tutazoeana.

Hatukuzoeana. Siku ya kwanza tu, tunakaribia njia panda ya lami, nikataka kupunguza gia. Mguu wa kushoto ukainuka wenyewe kwenda kutafuta klachi. Haukuikuta, ukaikuta breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote za miaka ishirini na mitatu, kama klachi nzito ya Landrova inavyokanyagwa. Gari lilisimama kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Mkurugenzi alikuwa nyuma anazungumza na simu. Simu ikaja mbele kwangu, miwani ikaenda chini ya kiti.

"Mzee, umeona nini?"

"Mbuzi, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Amepita."

Mara ya pili ilikuwa sokoni. Mara ya tatu alijigonga pua. Akashika pua yake na leso mpaka tumefika ofisini, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, ile wanayoitumia wanapokuwa wamekwisha kuamua, "Mzee Elinihaki, Jumatatu nitakupima mwenyewe. Tutashuka mpaka lami na kurudi. Ukikanyaga hivyo hata mara moja, unakabidhi ufunguo."

Wajukuu zangu, mimi sikuwa na kazi nyingine ninayoijua. Sina cheti, sina shamba la maana. Nikipita njiani watu walikuwa hawaniiti jina, wananiita Dereva. Nikikabidhi ufunguo nitaitwa nani?

Nikaja nyumbani nikamweleza Naghenjwa. Hakunipa pole. Alikwenda jikoni akarudi na ungo, tofali na gunzi la mahindi. Akaniketisha kwenye kigoda pale uani, akanishikisha ungo. "Huo ndio usukani. Tofali ni breki, gunzi ni mafuta. Mguu wa kushoto ukae chini kama mgeni. Haya, twende."

Tukaenda. Yeye amekaa nyuma yangu kwenye kigoda kingine, amekunja nne, ndiye mkurugenzi.

"Kona," anasema. Mguu wa kulia unakwenda kwenye tofali. Vizuri.

"Trafiki." Vizuri.

"Mbuzi." Mguu wa kushoto ukaruka ukalipiga tofali mpaka likaanguka.

"Umeshanitupa nje," akasema Naghenjwa. "Watoto wangu ni yatima."

Tulirudia Jumamosi nzima. Majirani wakaja kuchungulia, wakaona mzee ameshika ungo anaendesha, wakaondoka wakiwa na la kusimulia. Jioni Naghenjwa akasema, "Huo mguu una kiburi kama wifi yangu. Maneno hausikii. Tuufunge." Akachana kanga yake kuukuu ubavuni, akatoa ukanda mrefu, akanifundisha namna ya kuufunga mguu kwenye chuma cha chini ya kiti kwa fundo la kufungia kuni. Nakiete, wewe umebeba kuni, unalijua. Fundo lile ukilivuta ndiyo linazidi kukaza, mzigo haumwagiki hata uteremke genge.

"Usiku wa leo tulia," akaniambia. "Jumatatu utaendesha kwa mguu mmoja kama korongo, na mkurugenzi wako hatajua."

Jumatatu nikafika ofisini mapema, nikajifunga kabla mkubwa hajatoka. Akaingia nyuma na gazeti lake. Tukateremka. Nawaambia, sijawahi kuendesha vile. Kona ya kwanza mguu ukataka kuinuka, fundo likaushika. Mbuzi wa kweli wakapita, kumi na mbili, mguu ukavuta, fundo likakaza zaidi. Niliona kama nina mbwa kwenye mnyororo chini ya kiti. Kisigino kinauma, kigimbi kimekaza, jasho linanitoka, lakini gari linakwenda laini kama maziwa. Tukafika lami, tukageuza, tukapanda. Mkurugenzi akafunua gazeti ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka wa michezo. Tulipouona uzio wa ofisi akasema, "Naona mzee umejifunza."

Nikasema asante, mheshimiwa. Nilikuwa nimepona. Kazi yangu nilikuwa nayo mkononi.

Sasa, pale mbele ya ofisi walikuwa wamesimama wageni kutoka wizarani, wamefika mapema kuliko walivyotazamiwa, watumishi wote wamejipanga kuwapokea. Na desturi ya kwetu ilikuwa hivi: gari likisimama, dereva ashuke upesi, azunguke, amfungulie mkubwa mlango. Mkubwa hajifungulii. Hata kama mlango uko kwenye goti lake, atangoja.

Nikasimamisha gari, nikainama nifungue fundo. Halifunguki. Nimelivuta safari nzima, limekuwa gumu kama kokwa la embe.

"Mzee," akasema kule nyuma.

"Naam, mheshimiwa."

"Mlango."

"Nakuja, mheshimiwa."

Nikavuta, likakaza. Nje watu wametabasamu wanangoja, mikono ya wageni iko tayari kusalimia. Hakuna aliyethubutu kuja kufungua, maana si kazi yake. Na yule bwana hakufungua, maana si kazi yake pia. Tulikaa hivyo, yeye amenyooka kwenye kiti, mimi nimeinama kichwa kiko kwenye usukani, mpaka nikaigusa honi kwa paji la uso. Ikalia. Watu wakaruka.

Hapo ndipo mkurugenzi alipofungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Akazunguka, akafungua wangu, akatazama chini. Wageni nao wakasogea, wakatazama. Ukanda wa kanga, una maua mekundu, umefungwa kwenye mguu wa mtu mzima.

Mmoja wa wageni akauliza taratibu, "Madereva wenu mnawafunga ili wasitoroke?"

Basi. Kila mtu alicheka pale, hata mhasibu ambaye hajawahi kucheka. Aliyekuwa hacheki ni mkurugenzi, na mimi. Akaniambia, "Kwa nini umejifunga?"

"Nisikanyage breki, mheshimiwa. Na sikukanyaga."

"Hukukanyaga," akasema. "Lakini umenidhalilisha."

Mlinzi akaja na kisu, akaukata ukanda upande wa kiti. Mtihani nilikuwa nimeufaulu. Ufunguo niliukabidhi vilevile. Jioni nikapewa barua kwamba kuanzia kesho mimi ni mlinzi wa geti. Miaka sita iliyobaki mpaka nastaafu, nililifungulia geti gari lilelile, na vijana watatu walipokezana kuliendesha, na mmoja wao aliliingiza mtaroni. Huyo hakufungwa kanga. Alipandishwa cheo.

Siku ile nilirudi kwa miguu, pete ya kanga bado iko kwenye kifundo, maana fundo lenyewe lilikuwa limebaki upande wangu. Nikampa Naghenjwa barua. Yeye alifika la saba, akaisoma, akaikunja ndogo sana. Akakaa mkekani, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake, akaanza kulichokoa fundo kwa sindano ya kushonea mikeka.

Nikamwambia, "Wamenimaliza, Mama Kadeghe. Mimi si dereva tena."

Anachokoa tu. Wakati huo lori la mbao lilikuwa linapanda kilima hiki cha hapa nyuma. Tukalisikia linalemewa, injini inalia, linahitaji gia ya chini, dereva anachelewa. Na mimi pale mkekani, bila kujua, mguu wa kushoto ukakanyaga. Ulimkanyaga paja, pole pole, mpaka mwisho, ukatulia kidogo, ukaachia. Na kule kilimani lori likabadilisha gia, likapanda.

Naghenjwa akanitazama. Macho yake yalikuwa na machozi na hapohapo anacheka. Akasema, "Wamekustaafisha wewe kwa barua yao. Mguu wa klachi haustaafu."

Kesho yake aliwasimulia wanawake wenzake kisimani. Wao wakawapelekea waume zao msemo huo, waume wakaupeleka kilabuni, na huko ndiko ulikoharibika. Ukawa msemo wa kumcheka mzee asiyeelewa mambo mapya. Mwalimu wenu aliupokea ukiwa umeshaharibika. Simlaumu. Wanaoharibu vitu siku zote hawako mbali na pombe au ofisi.

"Kwa hiyo babu, maana yake ni kwamba ukizoea kitu huwezi kukiacha?"

Hapana, Nakiete mwanangu. Kukiacha unaweza. Mimi niliacha gari, miaka sasa. Nitawaambia jambo jingine, halafu mrudi kwa mwalimu wenu asije akasema nimewachelewesha.

Nilipokuwa mlinzi, zamu zilikuwa hazina mpangilio. Leo narudi saa nne asubuhi, kesho saa tisa mchana. Naghenjwa alikuwa anashtuka akiona kivuli cha mtu mlangoni. Akaniwekea sheria, kwamba hata kama nyumba ni yangu nipige hodi pale kizingitini, nitaje na jina. Naye aitike, ndipo niingie. Nikazoea. "Hodi, Dereva amefika." "Karibu Dereva." Katika dunia nzima alibaki yeye peke yake wa kuniita hivyo.

Ana miaka minne kaburini. Siku aliyozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa halina mafuta. La mkurugenzi lilikuwa nayo, limekwenda kwenye mafunzo. Hayo sitayazungumza, nitapandwa na presha bure.

Lakini leo asubuhi, kabla nyinyi hamjaja, nilitoka kuchota maji. Nimerudi na ndoo yangu, nimefika pale kizingitini, nikaweka ndoo chini. Nikasema, "Hodi, Dereva amefika." Nikasimama nikingoja. Ndani hamna mtu, mimi mwenyewe ndiye niliyefunga mlango, ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikangoja muda ule ule ambao Naghenjwa alikuwa akiutumia kunawa mikono kabla hajaitika, kisha nikaingia.

Mguu wa klachi haustaafu.