Kura ya Tajiri Kibindu

Tajiri Kibindu alitaka kuyavunja maduka ya katikati ya mji, yaliyojengwa vita vilipokwisha, apandishe ghorofa za vioo. Wenyeji walitaka yakarabatiwe tu.

"Tupige kura kwa kujipanga," akaamuru, akijua hakuna atakayethubutu kumpinga mbele ya macho yake.

"Sawa, mzee," akajibu Sikudhani, fundi cherehani. "Wa kuvunja wasimame uwanjani, wa kukarabati wabaki barazani. Ila iwe saa saba mchana, asubuhi tuna wateja."

"Hewala!"

Siku ilipofika, jua liliwaka hadi lami ikanata viatuni. Kibindu akajibanza barazani pamoja na watu wote, akijifuta jasho.

"Wa kuvunja, tokeni!" akafoka.

"Tangulia, mzee," Sikudhani akasema. "Tutakufuata."

Kibindu akautazama uwanja, akaomba kigoda.