Mikeka Mitatu ya Kikunde

Paukwa!
— Pakawa!
Waliosimama?
— Wakae!
Waliokaa?
— Wasikie!
Mwenye jina?
— Atajwe!

Vema. Atajwe. Sianzi hadithi kabla ya kuita majina.

Hapo zamani, katika mji wa Kikunde, asubuhi moja, watu hawa walikuwa barazani. Alikuwapo Jumbe Mwinyikambi wa Pazi, mwenye mji. Alikuwapo Sefu Kilindo, mganga wa mifupa. Alikuwapo Mbwera wa Mkumba, mlinzi wa lango. Si Mbwera mwuza nazi, huyo ni mwingine. Alikuwapo Bi Nyange binti Chande, msuka mikeka. Alikuwapo Mbaruku wa Shomari, mkulima. Na alikuwapo mkewe Mbaruku, Mwanamvua binti Athmani, mkono wa kushoto umefungwa kwa vijiti.

Watu sita. Wote sita wamekaa juu ya mkeka mmoja. Na ukingoni mwa mkeka huo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, lakini hapana aliyeikalia.

Mnauliza, nafasi ya nani? Ngojeni. Nitamtaja.

Sasa sikilizeni desturi ya Kikunde, kwa sababu bila desturi hiyo hamtaelewa, na hata pamoja nayo watu wengi hawakuelewa. Kila mwenye cheo mjini alikuwa na mkeka wake. Jumbe ana wake, mganga ana wake, mlinzi ana wake. Ukiwa na shida, unakaa juu ya mkeka wa mwenye cheo, unasema. Na neno lililosemwa juu ya mkeka mmoja halivuki kwenda mkeka mwingine. Jumbe hamwulizi mganga aliambiwa nini. Mganga hamwambii mlinzi aliona nini. Waliita jambo hilo heshima.

Desturi ya pili. Mke akimkimbia mumewe, ana siku saba. Akisikilizwa katika siku saba, mji unaamua. Asiposikilizwa, mumewe huja asubuhi ya saba, humshika mkono, humrudisha nyumbani. Na mji hufunga mlango.

Basi siku ya kwanza Mwanamvua alitoka nyumbani kwake ameubeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Akaenda kwa mganga. Akakaa juu ya mkeka wa mganga.

Sefu Kilindo akamwuliza, "Wapi panauma, mwanangu?"

"Hapa, baba. Chini ya kiwiko, katikati ya kigasha."

Mganga akaugusa. Akaufunga kwa vijiti na kitambaa. Kazi yake aliijua.

"Baba mganga, utasema mbele ya jumbe kwamba mkono huu umevunjwa?"

"Ah, mwanangu! Mimi sisemi juu ya mkono wa mke wa mtu mpaka mlinzi aniulize. Nenda kwanza kwa mlinzi, kisha urudi."

Akaenda kwa mlinzi. Akakaa juu ya mkeka wa mlinzi.

Mbwera wa Mkumba akamwuliza, "Alikupiga na kitu gani?"

"Na mchi wa kinu."

"Mchi! Pole sana, dada yangu. Pole. Lakini mimi siwezi kumwuliza mganga jambo lo lote mpaka jumbe anitume. Nenda kwanza kwa jumbe, kisha urudi."

Akaenda kwa jumbe. Akakaa juu ya mkeka wa jumbe.

Jumbe Mwinyikambi akamwuliza, "Ugomvi ulianzia wapi?"

"Kwenye unga, jumbe wangu. Nilimpelekea mama yangu unga kidogo, alikuwa mgonjwa."

"Unga," akasema jumbe, akatikisa kichwa. "Mimi nitamtuma mlinzi mara moja. Lakini simtumi mpaka mganga aseme kwamba pana jeraha. Nenda kwanza kwa mganga, kisha urudi."

Mmeiona njia hiyo? Mganga angoja mlinzi, mlinzi angoja jumbe, jumbe angoja mganga. Ukiichora mchangani inatoka duara, na ndani ya duara yupo mwanamke mmoja na mkono wake.

Akazunguka siku ya kwanza. Akazunguka siku ya pili. Akazunguka siku ya tatu. Na akienda aliimba polepole:

Nilisema kwa wa kwanza, akanituma kwa wa pili,
Nilisema kwa wa pili, akanituma kwa wa tatu,
Nilisema kwa wa tatu, akanirudisha kwa wa kwanza;
Mkono wangu waniuma, niseme na nani?

Siku ya nne alichanganyikiwa. Ninyi msingechanganyikiwa? Alifika kwa mganga akasema, "Ni kwa sababu ya unga."

Mganga akashtuka. "Unga? Juzi ulisema mkono!"

Akafika kwa mlinzi akasema, "Ni katikati ya kigasha."

"Kigasha? Mimi uliniambia mchi!"

Akafika kwa jumbe. Akasema, "Ni mchi, jumbe wangu. Au ni unga. Sijui tena."

Jumbe naye akajiuliza kama alimsikia vizuri mara ya kwanza. Akamwuliza mkewe, mkewe akasema, "Mimi sikuwapo kwenye mkeka wako." Basi na jumbe akalala na kichwa kinamwuma.

Na wakati huo Mbaruku alikuwa akipita mjini anatabasamu. Neno la mkeka halivuki, lakini neno la umbeya lina miguu minne. Mbaruku alikuwa amekwisha kusikia yote. Akawaambia watu sokoni, "Jamani, mke wangu aliteleza kisimani, na kichwa nacho kiligonga jiwe. Kwa mganga ana hadithi ya mkono, kwa mlinzi ya mchi, kwa jumbe ya unga. Hadithi tatu! Nitamrudisha nyumbani nimwuguze."

Watu wakasema, "Maskini Mbaruku, ana subira." Wengine wakasema, "Lakini huyo mke mbona anaogopa hata kivuli chake?" Wengine wakasema hawajui waseme nini, na hao ndio waliokuwa wengi.

Siku ya tano Mwanamvua alikuwa amekaa chini karibu na lango, hajui sasa aende mlango wa nani. Bi Nyange akamwona. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa ulimi, vidole vyake vimekuwa vigumu kwa kusuka ukindu. Akamwinua.

Mwanamvua akaanza, "Bibi, mimi nilipigwa, au tuseme, kwanza palikuwa na unga..."

"Nyamaza, mwanangu. Kwangu husimulii. Kwangu unakula."

Akala. Akanywa. Akalala kutwa nzima. Alipoamka akakuta Bi Nyange amekaa mbele ya mkeka wa zamani, mwembamba, haujakwisha kusukwa, ana shazia mkononi. Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea mikeka.

"Bibi, huo mkeka ni wa nani?"

"Wa mtu," akasema Bi Nyange. "Mwenye kovu usidhani kapoa. Niambie jambo moja tu. Siku yako ya saba ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi kesho nina kazi."

Siku ya sita, alfajiri, Bi Nyange akaenda kwa mganga. "Salama, Sefu? Wewe unaunga mifupa ya watu, na mkeka wako mwenyewe umevunjika mbavu! Tazama ukingo huu."

Mganga akatazama. Kweli, ukingo ulikuwa umefumuka. "Chukua, Bi Nyange. Lakini kesho asubuhi niuone."

Akaenda kwa mlinzi. "Mbwera, umekalia mkeka au umekalia wavu wa samaki?"

"Bibi wee, usinitukane mbele ya wapita njia!"

"Sitaki kukutukana. Nataka kukushonea."

"Chukua. Kesho asubuhi niuone."

Akaenda kwa jumbe, akapiga magoti kwa heshima zote. "Jumbe wangu, wageni wakija wakauona mkeka huu, watasema Kikunde hakuna wanawake."

"Chukua, mama. Kesho asubuhi niuone."

Kutwa ile shazia haikupumzika. Mwanamvua alimshikia uzi kwa mkono mmoja.

Asubuhi ya saba wakaja wote watatu barazani kutafuta mikeka yao. Na Mbaruku akaja, amevaa nguo safi, amebeba kanga mpya ya zawadi. Wakakuta mkeka mmoja mkubwa umetandikwa toka ukuta hadi ukuta. Mkeka wa mganga umeshonwa kwa mkeka wa mlinzi. Mkeka wa mlinzi umeshonwa kwa mkeka wa jumbe. Na ukingoni umeshonwa ule wa nne, mwembamba, usiokwisha.

"Nyange!" akapiga kelele jumbe. "Umefanya nini?"

"Nimeshona, jumbe wangu. Mkeka wo wote ni vipande vya ukili vilivyoshonwa pamoja. Mimi nimeongeza mshono."

"Fumua!"

"Nyuzi zimeingia ndani ya msuko. Labda muukate kwa kisu."

Wakatazamana. Mkeka wa cheo haukatwi kwa kisu; anayekata mkeka wake amekata cheo chake. Hilo kila mtu wa Kikunde alilijua, na Bi Nyange alilijua kuliko wote.

"Sasa mimi nikae wapi?" akauliza mlinzi. "Nikikaa kwangu nimekaa na kwa jumbe!"

"Ndiyo, baba. Kaeni."

Wakasimama. Wakazunguka. Mganga akakaa, akainuka, akakaa tena. Mlinzi akakaa. Mwisho jumbe akakaa, uso umekunjamana kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake.

Mbaruku akasema, "Mimi sina neno na mikeka. Nimekuja kumchukua mke wangu. Siku saba zimetimia, na hakusikilizwa. Ana hadithi tatu."

Bi Nyange akamwambia, "Basi kaa, uzisikie zote tatu." Akamgeukia Mwanamvua. "Mwanangu, sema mara moja tu. Ukichoka, nyamaza. Mara ya pili haipo."

Mwanamvua akakaa. Akavuta pumzi. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilimpelekea mama yangu unga. Mume wangu akakasirika. Akachukua mchi. Nikainua mkono. Akanipiga hapa."

Basi. Maneno hayo tu. Watu watatu waliokuwa na hadithi tatu wakasikia moja.

Jumbe akasema taratibu, "Mimi nilimwuliza unga."

Mlinzi akasema, "Mimi nilimwuliza mchi."

Mganga akasema, "Mimi nilimwuliza mkono." Akainamisha kichwa. "Kumbe kila mtu alipewa jibu la swali lake."

"Aliteleza kisimani!" akasema Mbaruku.

Jumbe akageuka. Kwa mara ya kwanza toka mji wa Kikunde ujengwe, jumbe akamwuliza mganga jambo. "Sefu, mtu akiteleza huvunjika wapi?"

"Kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, jumbe wangu, maana hujishika kwa kiganja. Huyu amevunjika katikati ya kigasha. Mkono unavunjika hapo ukiwa umeinuliwa juu, kukinga kichwa."

"Na wewe Mbwera, una neno?"

Mlinzi akakuna shingo. "Ninalo, na linanitia haya. Siku ile ile ya kwanza Mbaruku alipita langoni na mchi mpya begani. Nikamtania, nikamwambia, bwana, wa zamani umekula nini? Akasema umevunjika. Nikacheka."

"Mbona hukusema?"

"Jumbe wangu, hapana aliyeniuliza. Na yeye aliniambia nikiwa juu ya mkeka wangu."

Jumbe akamtazama Mbaruku. "Mchi hauvunjwi na mtama," akasema.

Mbaruku akainuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kanga ikamponyoka mkononi, na hapana aliyeiokota.

Jumbe akahukumu hivi. Mwanamvua binti Athmani harudi kwa mumewe. Nyumba ni yake, shamba ni lake, na mama yake aje kukaa naye. Mbaruku wa Shomari atoke langoni kabla ya adhuhuri, na asilale tena ndani ya Kikunde. Na mkeka huu usifumuliwe. Mwanamke akija, wenye vyeo wote watatu wataitwa wakae hapa, naye atasema mara moja. Asiyekuja kukaa, cheo chake na kiondoke.

Mbwera akamtoa Mbaruku. Mganga alinung'unika kidogo kwamba upande wake una jua. Jumbe akaendelea kuketi, kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Mwisho akauliza, "Nyange, siku zote hizi sindano ilikuwa wapi?"

Bi Nyange akasema, "Ilikuwa kwangu, jumbe wangu. Hata mimi nilichelewa."

Jumbe akanyoosha mguu apumzike. Mguu ukakaribia ule ukingo mwembamba, usiokwisha. Bi Nyange akaweka mkono juu yake. "Hapo, la." Jumbe akaurudisha mguu, na hakuuliza, kwa sababu alikumbuka.

Hadithi imefika ukingoni.
— Ishonwe!
Isifumuke?
— Isifumuke!
Wenye majina?
— Wametajwa!

Bado mmoja. Mkeka ule wa nne ulikuwa wa Tatu binti Chande, mdogo wake Bi Nyange, naye alikuwa akiusuka mwaka mmoja kabla ya hapo. Alizunguka kwa mganga, kwa mlinzi na kwa jumbe muda wa siku saba. Asubuhi ya saba mumewe alimrudisha nyumbani. Tatu binti Chande alikufa siku ya tisa.