Kabichi za Mzee Senzota

"Anywaye chini hupanda juu." Ndivyo alivyofunga mwenyekiti wenu mkutano wa walinzi wa vyanzo vya maji, na nyinyi wajukuu zangu mmerudi mnabishana: kupanda huko ni kukwea mlima au ni kutia mche ardhini? Haya, pukuchueni mahindi huku mkinisikiliza. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani. Mimi bibi yenu Nanzia nimeizidi miaka ishirini na miwili, na nilikuwepo ilipozaliwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa majuzi tu hapa Marindi. Mama mkwe wangu akiitwa Nakijwa, mjane, mkulima wa tangawizi, mtu wa maneno machache. Kila tone lililonywesha tangawizi yake lilitoka kijito cha Sasenyi, ambacho huanzia chemchemi ya Ngofi, mwendo wa saa tatu kwenda juu. Maji yakifika hapa huingia kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo, kisha tunagawiana kwa zamu. Mwaka ule ndiva haikujaa. Ilipofika Septemba, maji yakifunguliwa asubuhi yalikuwa yanakufa kwenye shamba la tatu. Wanawake tulichota kwa kata, na chini ya kila ndoo pakabaki tope zito kama uji.

Ikajulikana kwamba kule Ngofi, mzee mmoja aitwaye Senzota amelima kabichi hadi kwenye mdomo wa chemchemi. Watu wakakutana. Kiangi, jirani yetu mwenye sauti kubwa, akasema, "Jumamosi tupande na mapanga. Isibaki kabichi hata moja."

Wengi wakaitikia. Mama mkwe wangu akauliza, bila kuinuka, "Mkishazikata, nani atabaki kule kumzuia asipande nyingine?"

Kila mtu akamtaja jirani yake.

"Basi niachieni Ijumaa," akasema. "Nikishindwa, mapanga yenu hayataoza."

Ijumaa alfajiri tukaondoka wawili. Alikuwa amepata kwa binamu yake miche ishirini ya mikaratusi ya kupanda pale chemchemini, nami nikaibeba kichwani ndani ya beseni. Njia ilikuwa ya mawe na mizizi. Mara mbili niliomba tupumzike, mara mbili yeye ndiye aliyenitwisha tena.

Tulimkuta Senzota anapalilia, mzee mfupi, mikono mipana. Kabichi zake zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Chemchemi nayo ilikuwa jicho dogo katikati ya udongo mtupu, na kila mvua ilipopita udongo ule ulishuka nayo hadi ndoo zetu. Tulisalimiana. Alichungulia beseni langu, akacheka.

"Hii si mikaratusi, mama? Umetoka Marindi kuniletea mti unaokunywa maji kuliko kabichi zangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe wangu akaitazama ile miche, kisha akamtazama mzee. "Sikujua," akasema. "Unaotunza maji ni upi?"

"Mkuyu. Hapa palikuwa na mikuyu tangu enzi za babu yangu."

"Nani aliikata?"

"Mimi." Akachomeka jembe lake ardhini. "Lakini nisikilize. Mwaka juzi mvua ilibomoa mteremko ule pale. Ulikuwa shamba langu. Udongo ukaondoka na banda na mbuzi wanne. Nilituma neno kwenu, nikaomba msaragambo, siku moja tu watu waje tushirikiane kuinua matuta. Alikuja nani? Hata mmoja! Ikabidi nikate mikuyu nilime hapa, maana ndipo palipobaki na udongo. Leo maji yamepungua, ndiyo mmeikumbuka njia ya huku?"

Nilingoja mama mkwe wangu ajitetee. Angeweza kusema neno halikutufikia, au kwamba ulikuwa wakati wa mavuno. Hakusema hivyo.

"Neno lilifika," akasema. "Nililisikia kwa masikio yangu, nikasema hayo ni mambo ya watu wa juu. Tulikosa, kaka yangu."

Akaitoa kanga mabegani, akajifunga kiunoni. "Jembe la pili lipo?"

Tulifanya kazi kwenye ule mteremko hadi jua likaegemea magharibi. Tuliinua matuta mawili. Mke wa Senzota akatuletea makande, tukala tumekaa kwenye udongo tuliouchimba. Habari ya kabichi haikutajwa tena na yeyote. Tulipoaga, mzee aliuliza jambo moja tu: "Kesho mtakuja?"

Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mapanga. Jioni ile mama mkwe wangu aliwaendea watu nyumba kwa nyumba, miguu imemvimba, akawaeleza yote, hata lile kosa letu. "Pandeni," akawaambia, "ila bebeni majembe." Walipanda kumi na mmoja. Kiangi akakataa. Alisema hawezi kumlimia mwizi wa maji.

Kwa Jumamosi saba tuliinua matuta, tukayafunga kwa matete ili udongo usikimbie tena. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza malipo. Shamba lile la zamani lilipokuwa tayari, Senzota alivuna kabichi za mwisho za pale chemchemini kwa mkono wake, akampa kila mmoja wetu moja ya kupeleka nyumbani. Kisha akahesabu hatua thelathini kuzunguka chemchemi, akasema, "Kuanzia hapa si pangu tena. Ni pa maji." Tukachomeka vipande vya mikuyu. Mbuzi wakavila vyote. Tukachomeka tena, tukazungushia miiba. Kiangazi kikaua nusu. Tukarudia.

Mwaka wa tatu, Septemba, ndiva ilijaa hadi ukingoni. Maji yalikuwa meupe, unaona kokoto chini. Watu walikuja kutazama tu, wengine wameacha sufuria jikoni. Mama mkwe wangu alimwalika Senzota, naye akashuka Marindi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, amevaa koti. Tukamkalisha mbele.

Kabla mlango wa ndiva haujafunguliwa, Kiangi akajipenyeza. "Zamu ya kwanza iwe yangu," akasema. "Shamba langu ndilo kubwa."

Senzota akamwangalia kwa upole. "Ndugu yangu, wewe sijakuona kule kwetu. Ulipanda lini?"

"Kupanda nini?" Kiangi akang'aka. "Mlima au mti?"

"Chagua mwenyewe," mzee akamjibu. "Anywaye chini hupanda juu."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Kiangi alijaribu kukunja uso, ukamshinda, akacheka na yeye. Mama mkwe wangu, aliyepewa kugawa zamu siku ile, hakumnyima maji. Alimpa zamu, lakini ya mwisho. Jumamosi iliyofuata, tulipofika njiani, tulimkuta Kiangi ametutangulia, jembe begani na mzigo wa miiba kichwani. Alipanda miaka ishirini na miwili, hadi magoti yalipokataa.

Neno la Senzota likabaki midomoni mwa watu. Siku hizi nalisikia hata pasipo na mto. Mtu akitaka shule nzuri kwa mwanawe na kwenye kufyatua matofali haonekani, anaambiwa hilo hilo.

Kwa hiyo acheni kubishana, wajukuu zangu. Maji mnayokunywa hapa yana watu wake kule yanakotoka, na yana kazi yake. Nakijwa aliukwea mlima na akautia mche ardhini, akaanza kwa kumlimia mwingine shamba. Ukitaka moja uache jingine, maji hayatakufikia. Anywaye chini hupanda juu.