Cherehani ya Kumi

Mwaka wa 1988, majira ya kipupwe, ndipo watu wa Ndorweni walipoanza kusema, "Cherehani ya ukaguzi haimvishi mtu." Kabla ya mwaka huo methali hii haikuwako. Jana mlimsikia shangazi yenu akiitamka alipoviona vitanda vya zahanati, vilivyoletwa asubuhi kwa ajili ya wageni na kuondolewa jioni wageni walipokwenda zao, nanyi mkacheka. Leo mmekuja kuniuliza ilitoka wapi. Ketini wima, nami nitawaeleza. Mwenye kucheka na asubiri nimalize.

Miaka kadhaa kabla ya hapo palikuwa na chombo kilichoitwa Baraza la Mafunzo na Ajira. Kazi yake ilikuwa kusimamia fedha zilizotengwa ili vijana wafundishwe ufundi na kupata kazi. Lilikuwa na wajumbe saba, nao walikaa mjini, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu milimani. Sitawaambia kwamba wajumbe wale walikuwa wezi, kwa kuwa hawakuwa wezi. Walikuwa watu walioamini kilichoandikwa, na wasichokiona katika daftari kwao hakikuwapo.

Baraza lilikuwa na kanuni moja kuhusu vituo vya ushonaji. Kituo chenye cherehani kumi kilihesabiwa kuwa kimekamilika, nacho kilipewa fungu la mwaka. Kituo chenye tisa kilifutwa, na wanafunzi wake hawakupewa vyeti. Kituo chetu cha Ndorweni kilikuwa na tisa. Mwalimu Zefania, aliyekiongoza, aliandika barua nne kuomba ya kumi. Mara nne alijibiwa kwamba vifaa hununuliwa kwa fungu, na kwamba fungu hupewa kituo kilichokamilika.

Jirani yangu alikuwa mjane, jina lake Namkunda. Alishona sare za shule kwa cherehani ya mguu aliyoachiwa na mama yake, na hakuwa na shamba wala ng'ombe. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa shamba lake. Binti yake wa pekee, Nakijwa, alisoma katika kituo hicho, naye alikuwa amebakiza wiki tano apate cheti. Namkunda alikuwa akisema kwamba binti akikipata, wangeshona wawili kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na nyumba ingepata bati.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Mwalimu Zefania alifika nyumbani kwake. Nilikuwapo, nikimkatia Namkunda matundu ya vifungo.

"Mama Nakijwa, nimekuja kuazima."

"Wewe, mwalimu? Mkasi wangu uliouazima wakati wa masika uko wapi?"

"Mkasi nitaurudisha. Leo naazima cherehani."

Namkunda aliondoa mguu kwenye kikanyagio. "Hebu sema tena, nisije nikasema masikio yangu yamezeeka."

"Kesho asubuhi tu. Wajumbe wakishahesabu kumi, wataondoka, nayo itarudi kabla ugali wako haujaiva. Wasipohesabu kumi, Nakijwa hatapata cheti, wala wenzake kumi na wanane."

Namkunda alirudisha mguu kwenye kikanyagio. Kisha alimalizia pindo alilokuwa akilishona, akakata uzi, akachukua kipande cha kitambaa cha kijani cha sare na kukiweka chini ya kile chuma kinachokandamiza nguo. Ndivyo afanyavyo fundi mwenye adabu anapoacha kazi, ili chuma kisisagane na meno yaliyo chini yake. Kitambaa hicho hutolewa pale tu mtu anapoketi kushona.

"Nimeiwekea kitambaa," alisema. "Mtu asishone nayo. Ni ya kuhesabiwa tu."

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, na wajumbe walifika wakiwa wamejifunika makoti. Mwenyekiti wao, Bwana Hezroni Kajiru, alikuwa mtu mpole, mwenye kuamkia hata watoto. Alizihesabu cherehani mwenyewe, moja baada ya nyingine, akafurahi. Kisha akamwita karani. Karani alifungua mkoba, akatoa nyundo na vyuma vidogo vyenye tarakimu, akaanza kugonga namba ya Baraza kwenye shingo ya kila cherehani. Jambo hilo halikuwa limetangazwa. Lilikuwa agizo la mwaka ule, ili mali ya umma isipotee.

Namkunda na mimi tulikuwa tumesimama mlangoni pamoja na wazazi wengine. Aliihesabu ile nyundo kwa midomo. Ilipofika ya nane, alipiga hatua mbele, na Mwalimu Zefania akamtazama kama mtu anayezama. Nakijwa aliketi nyuma ya cherehani ya kwao, mikono mapajani, macho chini.

Mwenyekiti alimwona mama aliyesogea, akamwendea kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Wewe ni mzazi?"

"Marahaba. Mimi ni mzazi wa huyu."

"Vizuri. Sisi tuko mbali, mama. Nyinyi ndio mnaojua. Cherehani hizi zote ni za kituo?"

Karani alikuwa ameshika nyundo juu ya ile ya tisa. Mngelikuwa nyinyi mngelisema nini? Kusema kweli kulikuwa kufuta vyeti kumi na tisa, na kimoja kilikuwa cha mtoto wake.

"Ni za kituo," Namkunda alisema.

"Zinawasaidia watoto?"

"Zinawasaidia."

"Andika hivyo," Mwenyekiti alimwambia karani, "na mama atie sahihi kama shahidi." Akatia sahihi. Nyundo ikagonga ya tisa, kisha ikagonga ya kumi.

Jioni alikwenda kuichukua cherehani yake. Mwalimu alimwomba angoje mpaka vyeti vifike, maana kitu chenye namba ya Baraza hakiruhusiwi kuvuka mlango. Alingoja. Vyeti vilifika baada ya wiki tano, na gari lililovileta lilileta pia barua. Baraza lilikipongeza kituo cha Ndorweni kwa kukamilika, nalo liliagiza kwamba kila kituo kilichokamilika kitoe cherehani moja, iliyo bora, ili isaidie vituo vichanga. Dereva alizitazama zote kumi, akaichagua iliyopakwa mafuta vizuri kuliko nyingine. Hamna haja ya kuniuliza ilikuwa ya nani.

Nilimsindikiza Namkunda mjini. Tulipanga foleni siku mbili. Mwenyekiti alitupokea vyema, akatuagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari, akaligeuza upande wetu.

"Mama, nilikuuliza mimi mwenyewe. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Basi nisaidie. Ulinidanganya siku ile, au unanidanganya leo?"

"Siku ile, baba."

"Nikiandika hivyo, nitalazimika kuvifuta vyeti vyote kumi na tisa, na Mwalimu atashtakiwa. Niandike?"

Hakuwa akimtisha. Alikuwa ameshika kalamu, akingoja kweli. Namkunda alikitazama kikombe chake cha chai, ambacho hakuwa amekigusa, akasema, "Usiandike."

Mwaka uliofuata wajumbe walikuja tena, wakahesabu cherehani tisa. Mwalimu alipowakumbusha kwamba ya kumi waliichukua wenyewe, walikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, wakasikitika, wakakifuta kituo, kwa kuwa tisa si kumi. Nakijwa alikuwa na cheti kilichosema kwamba anaweza kushona kwa cherehani ya mguu, na katika nyumba yao hapakuwa na cherehani ya mguu wala ya mkono. Alizunguka na cheti hicho miezi minane. Kisha alishuka tambarare kukata mkonge, na barua zake zilizidi kuwa fupi, mpaka zikakoma. Mama yake alibaki akishona kwa mkono, kando ya dirisha, vifungo na mapindo ya watu, mpaka macho yakaharibika.

Miaka saba ilipita. Baraza lenyewe lilivunjwa, na mali iliyokuwa katika ghala lake ikauzwa kwa mnada. Mwalimu Zefania, ambaye baada ya kituo kufutwa alikuwa akifyatua matofali ya watu, aliteremka mjini. Siku ya tatu nilimwona akipanda mlima, mzigo kichwani, akipumzika kila baada ya hatua ishirini. Aliutua mlangoni kwa Namkunda, akaufungua. Cherehani ilikuwa ile ile, na namba ya Baraza shingoni. Juu ya mzigo aliweka na ule mkasi.

"Mama Nakijwa, nimekuja kulipa."

Namkunda alipapasa gurudumu, akapapasa meza, kisha vidole vyake vikafika kwenye kile chuma. Akakiinua. Kipande cha kijani kilikuwa pale pale alipokiweka. Pembeni kilikuwa kimepauka na kuwa kama majivu, lakini palipofunikwa na chuma palikuwa na rangi mbichi ya siku ile.

"Imekuwa wapi?" aliuliza.

"Ghalani. Vituo vichanga havikufunguliwa. Kila mwaka waliitoa, wakaihesabu, wakairudisha."

"Kwa hiyo haijashona."

"Haijashona, mama. Hata pindo."

Alikishika kile kitambaa kiganjani. "Basi nilimnyima mwanangu ili nani avae?" alisema, wala hakuwa akimuuliza mtu. Kisha akasema, "Mwalimu, cherehani ya ukaguzi haimvishi mtu."

Akaketi, akajaribu kutunga uzi. Akajaribu mara ya pili, na ya tatu. Tundu la sindano halikuonekana. Mwalimu Zefania alipiga magoti kando yake, akamtungia. Namkunda aliushika uzi ule bila kukanyaga kikanyagio, kwa sababu hapakuwa na nguo ya kushona, na aliyekuwa ashone zamu ya mchana hakuwako.

"Deni lako limekwisha, mwalimu," alisema. "Nenda salama."

Nilikuwapo, nami nashuhudia kwamba deni lilirudishwa kamili, kitu kile kile, bila kupungua hata skrubu. Cherehani ya ukaguzi haimvishi mtu. Sasa, mwenye kucheka na acheke.