Tairi Mbili na Jaruba Moja

Vuteni vigoda, na mwenye usingizi akalale kwao. Hadithi hii naisimulia kwa hasira, msiniombe niipoze.

Huko bondeni, chini ya milima ya Upare, kulikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, na kila mmoja Mungu alimpa chake. Mbonea, kaka mkubwa, alipewa mdomo. Angeweza kumbembeleza kuku anayeatamia mpaka akaondoka juu ya mayai yake. Eliamini, kitinda mimba, alipewa vidole. Kilichopasuka na kilichotoboka, yeye alikiunga kikaungika. Na Nakijwa, dada yao wa katikati, alipewa macho: akiiona kazi ikifanywa, haisahau tena. Alipewa na hasira pia, tena ya kutosha, na mkisikia yaliyomkuta hamtamlaumu.

Nakijwa aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na kifurushi chake. Baba yao akamkatia jaruba la mpunga sawasawa na lile alilompa kila mtoto wa kiume. Ndugu zake wakanuna.

"Mtoto wa kike na jaruba la kwao, wapi na wapi?" Mbonea akasema. Lakini aliyasema hayo baba akiwa amekwisha kuzikwa, maana mzee alipokuwa hai mdomo ule haukufunguka!

Baba aliwaachia pia trekta dogo jekundu, walimie wote watatu kwa zamu. Zamu gani! Mbonea alilipeleka barabarani kubeba matofali. Eliamini alilipeleka barabarani kubeba maharusi, limevishwa maua utadhani ndilo linaloolewa. Tairi za shamba kwenye lami, jamani! Zile mbili za nyuma zikalika meno yote, zikabaki kipara. Msimu uliopita Nakijwa aliomba alimiwe, akajibiwa kwamba trekta lina safari. Jaruba lake likalala na magugu. Na sheria ya skimu ya umwagiliaji kila mtu anaijua: jaruba likilala misimu miwili, kamati inampa mtu mwingine.

Mwaka huu mvua ikawa haba. Kamati ya maji ikatangaza kwamba kila familia itapata maji ya jaruba moja tu, na jaruba ambalo halijatifuliwa halifunguliwi maji. Wakati huo trekta lilikuwa nyuma ya nyumba, tairi moja imechanika ubavuni, kuku wanataga kwenye kiti. Madukani saizi ile ndogo haipatikani, walishaulizia mpaka wakachoka. Na Nakijwa alikuwa na miche kitaluni, imeanza kugeuka manjano kwa kungoja.

Mama yao, Naetwe kwa jina, akawaita wote watatu uani.

"Mmelila trekta la baba yenu mpaka viatu vyake!" aliwafokea. "Sasa nisikilizeni. Atakayelirudisha shambani, jaruba lake ndilo litakalolimwa. Nimesema, na sirudii."

Pale pale kila mtu akashika njia yake. Hawakuulizana wala hawakuagana, maana tangu matanga walikuwa hawasemezani.

Mbonea akapanda mlimani kwa Mzee Kajiru. Mzee huyu aliwahi kuwa na trekta la aina ile ile, likamfia, akabaki na tairi moja mpya kabisa. Ile nyingine alishaikata viatu vya katambuga. Wengi waliiomba hiyo moja, wote akawafukuza. Mbonea hakuomba. Aliketi, akawasifu mbuzi, akauliza habari za ile kesi ya mpaka ambayo mzee alishinda ujanani. Ah! Mzee akaianza. Akamtaja kila shahidi, na shahidi wa shahidi. Mbonea akasikiliza bila kupiga mwayo, na mwisho akasema, "Mzee wangu, hebu rudia hapo penye hukumu." Mzee Kajiru machozi yakamlenga. "Wanangu wa kuwazaa hawajawahi kufika penye hukumu," alisema. "Chukua tairi, mwanangu." Mbonea akashuka mlima akiibiringisha.

Eliamini naye akaliendea trekta. Tairi moja ilikuwa imekufa kabisa, hiyo akaitupa. Ile iliyochanika ubavuni, mkono wake mzima ulipita kwenye ufa. Akakata kiraka kutoka tairi kuukuu ya lori, akakibandika kwa ndani, akakishona kwa uzi wa katani mpaka vidole vikatoka damu. Akaziba mpira wa ndani. Kisha akakata vipande vinene vya tairi ile ile ya lori, akavifunga kwa boliti juu ya kipara, kimoja baada ya kingine, tairi ikaota meno ya bandia. "Kipara chenye meno!" watu walimcheka. Alicheka nao, akaendelea kukaza boliti.

Basi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na moja tu, tairi ya Mbonea ikafungwa kulia, ya Eliamini ikafungwa kushoto, trekta likaenda shambani. Likasimama pale matuta yanapokutana, penye kona ya majaruba yote matatu. Wakateremsha jembe, Mbonea akakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka papo hapo, zikaisugua ardhi mpaka ikang'aa, trekta lisisogee hata hatua. Ardhi ilikuwa kavu kama tofali, na kile kitrekta chepesi kilielea tu.

Nakijwa alikuwa ameketi kwenye tuta, mikono kifuani. Yeye alijua. Alimwona baba yake kila msimu akizijaza maji tairi za nyuma ili trekta liwe zito, liikanyage ardhi. Aliwaona pia hawa wawili, baada ya mazishi, wakiyamwaga maji yale ili trekta likimbie barabarani. Aliona, akanyamaza. "Acha waone cha moto," alisema moyoni. Eeh, na yeye hakuwa malaika, mambo haya siwafichi.

Lakini sasa akainuka. Akafunga kanga kiunoni, akafunga kichanja cha miti, akapandisha juu yake dumu la maji, akashusha mpira wa maji hadi kwenye mdomo wa tairi. Maji ya mfereji mkuu yalikuwa mbali, akayabeba kichwani, safari baada ya safari, shingo ikamuuma.

"Dada, siku hizi unanywesha trekta?" Eliamini akamtania.

"Nanywesha kilichokuwa na kiu tangu mlipomzika baba," alimjibu. "Nipishe."

Tairi zote mbili zilipojaa, Nakijwa akasema, "Washa." Mbonea akawasha. Jembe likauma! Udongo ukapinduka mweusi, na wote watatu wakasahau kununa, wakapiga kelele kama watoto.

Haikuchukua muda. Senkondo, mgawa maji, akaita kutoka kwenye banio, pale maji yanapofunguliwa: "Nyinyi wa Mama Naetwe! Maji nayafungua. Niambieni jaruba lipi kabla jua halijagusa mlima, la sivyo yanakwenda kwa jirani!"

Muda uliobaki ulitosha kulima jaruba moja tu.

"Ni langu," Mbonea akasema. "Bila tairi yangu mngelima na rimu. Na mama yetu anakula mpunga wa nani, kama si wangu?"

"Ni langu," Eliamini akasema. "Tairi moja inalima? Na kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji, alikwenda nani, peke yake, kwa niaba ya familia hii? Bila mimi hata zamu ya maji tusingekuwa nayo."

"Ni langu!" Nakijwa akapaza sauti. "Mlikuwa na tairi mbili mkabaki mnasugua ardhi. Nyinyi mkikosa mwaka huu, mtalima mwakani. Mimi nikikosa, sina mwakani! Na nani alilaza jaruba langu kama si nyinyi?"

"Mke hukaa kwa mumewe," Mbonea akanong'ona, lakini alisikika.

Hapo ndipo palipoharibika. Nakijwa akaiendea tairi. Akachuchumaa, akafungua kifuniko cha mdomo wa tairi, akaweka kidole. "Basi kila mtu achukue chake. Mimi nachukua maji yangu."

"Na mimi tairi yangu!" Mbonea akadaka spana, akachuchumaa kulia.

"Na mimi kiraka changu!" Eliamini akachomoa kisu, akachuchumaa kushoto.

Mama Naetwe, aliyewafuata shambani, amesimama juu ya tuta, mkono kifuani. Mbele yake, wanawe watatu wamelizunguka trekta la baba yao kama fisi, na kule juu maji yameshaingia mferejini, yanakuja.

Msiniambie wagawane, maji ni ya jaruba moja. Wala msiniambie wapatane kwanza, jua haliwangoji. Mama alitoa ahadi, na trekta limerudishwa shambani na mikono mitatu. Anafungua kinywa ataje jina.

Je, wewe ungeamua vipi? Jibu upesi, maana kidole cha Nakijwa kimeshaanza kulowa.