Mlinzi wa Jino Moja

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mmeshasinzia? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wazee walipokuwa wakiwalaumu vijana kama wanavyowalaumu leo, paliishi nyani aliyebakiwa na jino moja, Babu Kigego. Nyani wenzake walipoingia kuiba mahindi katika shamba la Bi Hadia, yeye alikaa juu ya jiwe akilinda. Desturi yao, mlinzi huletewa mahindi machanga, laini. Yaliyokomaa Kigego hakuyaweza. Bila jiwe lile, angekufa njaa.

Siku moja mjukuu wake, Mashavu, akasema, "Babu, leo nitalinda mimi."

Kigego akaangua kicheko. "Wewe? Vijana wa siku hizi! Kula, kulala, kujikuna!"

"Na nyie wazee je? Kukohoa, kulala, kulaumu! Juzi ulibwekea kichuguu, tukakimbia na njaa zetu."

Nyani wakacheka, wakampa Mashavu jiwe. Kigego akaumia sana. Aliiona njaa inamjia. Akajisemea, "Atalala tu huyu. Nitamfumania." Akajibanza kwenye mahindi chini ya jiwe, akamkodolea macho. Jua likawaka. Akakodoa, akakodoa, akakodoa, akalala fofofo, mdomo wazi.

Mara Mashavu akabweka juu ya jiwe, "Wahu! Wahu! Wahu!" Bi Hadia huyo, na mbwa wake! Nyani wakatimua mbio, Kigego anakoroma. Mashavu akaruka chini, akamvuta mkia, akamvuta, akamvuta, mpaka akagutuka. Wakakimbia, wakaponea kilimani.

"Babu, ulilala!"

"Nani? Nilifumba macho nisikie vizuri." Kisha machozi yakamlenga. "Haya, nililala. Kawaambie. Jiwe ni lako, na njaa ni yangu."

Mashavu akajikuna, akatazama pembeni. "Siwaambii. Mimi pia nililala. Mkoromo wako ndio ulioniamsha."

Wakatazamana. Wakacheka mpaka lile jino likatikisika. Tangu hapo wakalinda pamoja: mmoja akikoroma, mwenziwe anaamka. Mahindi machanga wakagawana.

Msimu uliofuata kitoto cha nyani kikawajia. "Na mimi nataka kulinda!"

Babu na mjukuu wakakitazama juu hadi chini, wakasema kwa pamoja: "Watoto wa siku hizi! Kula, kulala, kujikuna!"

Hadithi yangu imeishia hapo. Na huyo anayekoroma huko nyuma mwamsheni, awe mzee, awe kijana.