Ukoko wa Bi Mwantumu na Kitabu Kilichokatwa

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mbali, maana simu zilikuwepo na watu walikuwa wameshaanza kusoma vitabu vya kuwafundisha kutajirika, kulikuwa na mgahawa mmoja Muheza, nyuma ya uwanja ambapo malori hupakia machungwa. Mwenye mgahawa alikuwa mjane aitwaye Bi Mwantumu. Alipika kila kitu: wali, ugali, supu, ndizi, maharage, chapati, na chipsi akilazimishwa. Ijumaa alipika pilau.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anatazama simu.

Kwenye meza ya dirishani walikaa watu watatu, kila siku ya Mungu. Wa kwanza Mzee Hiza, fundi cherehani, mtu wa kusifu. Kitabu alichokisoma leo ndicho bora kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa, na kesho kitakuwa kingine. Wa pili Nesi Foibe wa hospitali, mtu wa kukosoa. Huyo hata kadi ya mwaliko wa harusi huitafutia kosa, na hulipata. Wa tatu Abedi, fundi redio, mtu wa kuuliza. Ukimwambia jua limechomoza, atakuuliza umejuaje.

Walisoma vitabu vya biashara, vya uchumi, vya kwa nini nchi hii ni tajiri na ile ni maskini. Mnavijua. Vile ambavyo mwandishi amepigwa picha kwenye jalada amekunja mikono, anatabasamu kama mtu aliyeshiba. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa na utajiri wowote. Walivisoma kama wengine wanavyotazama mpira: hawachezi, lakini ukiwauliza, kocha hajui kazi. Mzee Hiza alisifu, Nesi Foibe alikosoa, Abedi aliuliza. Na wakabishana mpaka chai ikapoa.

Basi, ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hoteli mpya. Ina taa za rangi, ina televisheni pana kama mlango, ina kuku wa kukaanga. Madereva wa malori wakahamia. Wapakiaji wakahamia. Hata mchinjaji aliyemuuzia Bi Mwantumu nyama akaonekana kule anatafuna paja. Viti vikabaki vitupu, isipokuwa vile vitatu vya dirishani.

Bi Mwantumu akatoka nje akasimama barabarani, akasema kwa sauti mtaa mzima usikie:

"Jamani, nisikilizeni! Idi ya kuchinja ikinikuta na viti vitupu, narudisha funguo kwa mwenye nyumba, naenda kukaa kwa dada yangu Handeni. Na dada yangu mnamjua, anafunika sufuria wakati wageni bado wana njaa! Atakayeninusuru, ukoko wa pilau ya Ijumaa ni wake. Mzima. Kila Ijumaa, nikiwa hai!"

Ukoko wa Bi Mwantumu! Wenye rangi ya kahawia, uliokunywa mafuta na iliki, unaovunjika mdomoni kwa mlio. Kuna watu walinuniana mwaka mzima kwa sababu ya ukoko ule.

Watatu wa dirishani wakatazamana. Wakaenda kwa muuza vitabu vya mitumba, wakarudi na kitabu kinene kiitwacho *Kwa Nini Duka la Jirani Limejaa*. Kilikuwa kimoja tu. Mzee Hiza akasema, "Naanza mimi, ndiye mkubwa." Nesi Foibe akasema, "Naanza mimi, ndiye mwenye kusoma haraka." Abedi akasema, "Nani kasema lazima mtu aanze?" Na wakabishana, mpaka Bi Mwantumu akaja na kisu cha nyama, akakilaza kitabu kwenye ubao wa kukatia vitunguu, akakikata mgongoni vipande vitatu kama mkate wa boflo.

"Haya. Kila mtu na chake. Nisaidieni au nyamazeni."

Mzee Hiza akapata mwanzo. Nesi Foibe akapata katikati. Abedi akapata mwisho. Nanyi mtasema, si wangebadilishana baadaye? Watu wengine wangebadilishana. Hawa, kila mmoja alipomaliza kipande chake alikuwa ameshapata maoni juu ya kitabu kizima, na mtu mwenye maoni kamili asome zaidi kwa nini?

Mzee Hiza akawa wa kwanza kuja mbio, miwani imepanda kwenye kipaji cha uso.

"Bi Mwantumu, mwandishi huyu ni kiboko! Sijapata kusoma kitu kama hiki. Anasema duka lililojaa linafanya jambo moja, na linalifanya kuliko wote. Wewe unapika vitu saba. Acha vyote! Pika pilau tu. Jumatatu pilau, Jumanne pilau."

"Na anayetaka ugali?"

"Aende kwa mama yake!"

Bi Mwantumu akakubali. Akafuta ubao wa vyakula, akabakiza neno moja. Akapika pilau Jumatatu, akapika Jumanne, akapika Jumatano. Na kwa vile hakuwa na kingine cha kumkimbiza, akaanza kuitazama pilau ile kwa macho mapya. Akakaanga kitunguu taratibu mpaka kikaiva vile anavyotaka. Akabadilisha mchele. Akaacha kununua bizari iliyosagwa, akatwanga yake. Pilau ikawa nzuri jamani! Ikawa nzuri hata mwenyewe akacheka peke yake jikoni, mwiko mkononi.

Lakini viti vikabaki vitupu. Aliyetaka ugali alikwenda kweli kwa mama yake, na wengine hawakujua kuna nini ndani ya sufuria.

Nesi Foibe akaja wa pili. Akakitupa kipande chake mezani.

"Kitabu hiki ni cha hovyo. Mwandishi hajawahi kuosha hata kijiko. Kila mfano wake ni mwanamume anayeamka alfajiri kutafakari, na hasemi ni nani aliyemchemshia chai. Ukurasa mmoja tu ndio una akili: mteja akikukimbia, mfuate umuulize, usikae nyumbani ukikisia. Basi nakwenda."

Akavuka barabara. Akaingia hoteli mpya na sare yake nyeupe, akaketi mbele ya Mbelwa, dereva wa lori la machungwa, aliyekuwa akila kwa Bi Mwantumu tangu hajaota ndevu.

"Mbelwa, kaka yangu, niambie ukweli. Ni kuku?"

"Kuku mwenyewe mkavu, Nesi."

"Ni televisheni?"

"Haina hata sauti."

"Sasa ni nini?"

Mbelwa akafuta vidole. Akatazama chini. "Ni nyinyi."

"Sisi akina nani?"

"Nyinyi watatu wa dirishani. Nesi, usinikasirikie. Mimi nimetoka shambani nina njaa, nimetia tonge mdomoni, mzee ananigeukia: 'Wewe dereva, unaonaje, maskini ni maskini kwa uvivu wake au kwa sababu ya mfumo?' Natafuna haraka nimeze nijibu, mmeshahamia kwa mwingine. Kila siku mnatuuliza na hamtusubiri. Mtu anajiona mjinga, na chakula hakishuki."

Nesi Foibe akarudi polepole. Fikirini alivyotembea. Hakuna aliyemsikia Mbelwa ila yeye. Angeweza kusema ni kuku, nani angebisha? Lakini aliingia, akamtazama Bi Mwantumu usoni, akasema, "Tatizo ni sisi." Akarudia maneno ya Mbelwa yote, hakuruka hata moja, na machozi yakamlengalenga.

Mzee Hiza akavua miwani. Akakusanya mkoba wake. "Basi tuondoke," alisema. "Kama ndiyo dawa, tuondoke."

"Kaeni!" Huyo Abedi, aliyekuwa hajasema neno siku zote hizo. Alikuwa na kipande cha mwisho, na mwisho wa kitabu kile ulikuwa wa ajabu. "Mimi sijui kama kitabu hiki ni kizuri au kibaya. Ila mwandishi mwenyewe mwishoni anaungama. Anasema alitembelea maduka yaliyojaa tu. Yaliyofungwa hakwenda kuyauliza nayo yalifanya nini. Pengine waliofunga nao walipika kitu kimoja. Pengine waliofunga nao waliwafukuza wenye kelele. Hajui! Sasa sisi tunaiga nini?"

"Unataka kusema nini, mwanangu?" Bi Mwantumu akauliza, maana ukimwacha Abedi na maswali yake mtalala hapo.

"Kule wana kuku, wana televisheni. Sisi tuna nini wasichokuwa nacho? Tuna ubishi, mama. Na Mbelwa hakusema tunyamaze. Amesema hatuwasubiri."

Basi wakafanya hivi. Meza ya dirishani wakaitoa nje kibarazani. Anayetaka kula kwa amani, ndani kimya. Anayetaka ubishi, njoo nje. Watatu walisoma kipande cha kitabu kwa sauti, kila mmoja akasema neno lake, kisha, sikilizeni hapa, wakafunga midomo. Wakasubiri mlaji ameze. Mlaji akasema lake, kwa muda wake, na hakuna kumkatiza. Na mwisho kila aliyekula pilau alichukua kipande chake cha ndimu alichokwisha kukikamua, akakiweka kama kura kwenye sahani ya yule aliyemkubali.

Siku ya kwanza alikuja Mbelwa, kwa aibu tu. Akaulizwa kama tajiri hutajirika kwa akili au kwa bahati. Akatafuna. Wakasubiri. Akameza. Wakasubiri. Akasema, "Mwaka juzi machungwa yangu yalifika mjini siku ambayo lori la mwenzangu liliharibika rejeta njiani. Niliuza vizuri, watu wakanisifu nina akili. Akili gani? Ni rejeta ya mwenzangu." Kibaraza kikalipuka kwa kicheko! Abedi akampa mkono. Mbelwa akakaa mpaka alasiri, na akaomba sahani nyingine.

Siku ya pili alikuja na wenzake. Wakaja wapakiaji, wakaja wauza mitumba, akaja mchinjaji amejifanya anapita. Akina mama wa sokoni waliwapiga kwa hoja Mzee Hiza na mwandishi wake kwa pamoja, ndimu zote zikaenda kwa Nesi Foibe, na Mzee Hiza akacheka kuliko wote. Hata mpishi wa hoteli ya ng'ambo alivuka na aproni yake akala pilau, akaganda na kijiko hewani, akasema, "Mimi nirudi kukaanga nini tena?"

Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, baada ya sala, hapakuwa na pa kukanyaga. Watu walikaa juu ya makreti ya soda. Bi Mwantumu akatoka jikoni na sinia, na juu ya sinia ukoko, mzima, mviringo, unatoa moshi. Kibaraza kizima kikavuta pumzi.

Mzee Hiza akasimama. "Mimi ndiye niliyesema pika pilau tu. Watu huja mara moja kwa maneno. Mara ya pili huja kwa tumbo. Bila pilau hii, kibaraza kingekuwa mkutano wa hadhara."

Nesi Foibe akasimama. "Pilau yako ilikuwepo na viti vilikuwa vitupu, Mzee Hiza, na ulikuwa unamalizia kumfilisi. Mimi ndiye niliyevuka barabara, nikaambiwa neno linalouma, nikalirudisha hapa kama lilivyo. Bila ukweli ule mngejuaje pa kuanzia?"

Abedi akasimama. "Na ukweli huo ulitaka kututoa mlangoni, Nesi. Nani aliwaambia mkae? Nani aliwaza kibaraza na ndimu?"

Na wakabishana. Safari hii hawakumsubiri mtu.

Ndipo Mbelwa akainuka kwenye kreti lake. "Samahani wazee wangu. Nauliza tu. Viti hivi vilikuwa vitupu kwa sababu ya nani? Mtu akiwasha moto kwa jirani kisha akaleta ndoo ya maji, naye hudai zawadi? Kama ni hivyo, na mimi nadai. Mimi niliyeulizwa nikasema, na mimi niliyerudi wa kwanza."

Watatu wakaketi. Bi Mwantumu akawatazama, akaanza kucheka, na machozi yanamtoka hapohapo.

"Mbelwa, unadhani nilikuwa sijui? Masikio ninayo. Niliwaona wanavyowakera watu, ningeweza kuwatimua tangu zamani. Lakini alipokufa marehemu mume wangu, nyumba hii ilinyamaza mpaka nikaogopa sauti ya maji ya bomba. Hawa watatu wakaja, wakakaa dirishani, wakabishana, na mimi nikapata tena nguvu ya kuwasha moto. Sikuwatimua kwa sababu nilikuwa nawahitaji. Basi kosa nalo ni langu." Akaitazama sinia. "Na pilau, kwani ilijipika?"

Mchinjaji, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Si ukate tu, kila mtu apate?"

"Hapana!" Bi Mwantumu akaing'ang'ania sinia. "Niliwakatia kitabu, kila mtu akajua kipande chake akajiona amemaliza. Nilitamka mtaa mzima ukasikia: mzima. Ukoko huu haukatwi."

Na Bi Mwantumu amesimama hapo, jamani, sinia mikononi. Mzee Hiza aliyefanya pilau iwe pilau na karibu aue mgahawa. Nesi Foibe aliyeleta ukweli wa kosa lake mwenyewe. Abedi aliyezuia watu kuondoka, na kiti chake kikiwa miongoni mwa viti vya kuondoka. Mbelwa aliyekimbia, akasema, akarudi. Na mwenye mwiko mwenyewe, aliyeyavumilia yote kwa upweke wake.

Nimemaliza yangu, nafunga mdomo, na nitasubiri mmeze. Ukoko unapoa, na ukishapoa hauna tena ule mlio. Haya, semeni upesi: ungekuwa wewe umeshika sinia, ungemkabidhi nani?